Uzi: Mtoto hatemi makohozi. Daktari mmoja wa Cape Town alivyoyapata

Mzee wa Slaidi

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kwenye uzi wa chanjo mtu aliuliza: inakuwaje mtoto mwenye VVU anatibiwa nyumonia mara tatu, halafu mara ya nne ndiyo wanasema ni TB? Nilimjibu mistari miwili nikaona nimemnyima. Leo sina zamu, chai ipo, naandika kwa vipande. Mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtu wa maabara, huu mwaka wa 15 nipo kwenye benchi. Mtu mzima akishukiwa TB kazi yake haina siri. Anapewa kopo, anaambiwa atoke nje penye hewa, avute pumzi, akohoe kutoka chini ya kifua, ateme, afunge mfuniko, alete. Akileta mate tunamrudisha. Sasa chukua kopo lile lile umpe mtoto wa miezi 9. Atalitafuna.

Mtoto mdogo akikohoa, kinachopanda anakimeza. Hilo la kwanza. La pili linatuumiza zaidi sisi wa darubini: ili nione vimelea kwenye slaidi, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000. Mtoto mdogo hana mzigo huo. Mtu mzima TB humchimba mashimo kwenye mapafu, na humo kwenye mashimo ndimo vimelea hujaa. Kwa mtoto ugonjwa unakaa sana kwenye matezi yaliyo ndani ya kifua. Kwa hiyo naandika "havikuonekana", na nimeandika kweli tupu, lakini karatasi ikifika wodini inasomwa "hana".

Weka VVU juu yake. Homa za kila mara, kukonda, kikohozi kisichoisha, matezi ya shingo: hizo ni dalili za TB, na hizo hizo ni dalili za VVU. Kile kipimo cha kuchoma mkononi na kungoja pavimbe kinategemea kinga ya mwili iitikie, na kinga ndiyo iliyoliwa. Eksirei nayo ni mtihani. Nyumonia ya bakteria, ile ya pneumocystis (kimelea cha jamii ya kuvu kinachowashika wenye kinga dhaifu), na ule ugonjwa wa mapafu unaoletwa na VVU vyenyewe, vyote vinaweza kutoa picha utakayoapa kuwa ni TB. Daktari anabaki anakisia.

Naendelea, msifunge mlango.

Chumvi ya Mawe

Siti ya mbele hapa. Nimeleta karanga.

Mzee wa Slaidi

Kipande cha pili.

Njia iliyokuwa vitabuni ni ya kumfuata mtoto tumboni. Kwa kuwa usiku kucha anameza makohozi, unamlaza wodini, anafunga, halafu alfajiri kabla hajanyonya wala kuamshwa kucheza, unapitisha mpira puani hadi tumboni na kuvuta kilichomo. Kesho tena. Keshokutwa tena. Asubuhi tatu. Aliyewahi kumshika mtoto anayepitishwa mpira puani hahitaji maelezo yangu, na aliyewahi kuhesabu vitanda vya wodi ya watoto anajua kwa nini njia hii nje ya hospitali kubwa ilibaki kwenye kitabu.

Sasa twende Cape Town, mtaa wa Rondebosch. Pale kuna hospitali ya watoto ya Red Cross War Memorial, ilifunguliwa 1956 kuwa kumbukumbu ya askari wa Vita Vikuu vya Pili. Miaka ya 1990 ikielekea mwisho, wodi zake zilianza kujaa watoto wenye VVU walioletwa na nyumonia isiyosikia dawa. Mmoja wa madaktari wa pale alikuwa Heather Zar. Alisomea udaktari Johannesburg, akaenda kubobea kwenye mapafu ya watoto New York, akarudi Afrika Kusini wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wanaondoka.

Swali lake lilikuwa la kimaabara kabisa, ndiyo maana nampenda. Watu wazima wasioweza kukohoa vizuri walikuwa wanavutishwa mvuke wa maji ya chumvi kali. Ile chumvi inavuta maji kwenye njia za hewa, makohozi yanalainika, mtu anakohoa. Je, mtoto wa mwezi mmoja? Jibu la wengi lilikuwa kwamba hiyo si kazi ya watoto wachanga, watabanwa kifua, na hata wakikohoa watameza.

Yeye na timu yake wakafanya hivi. Mtoto anafunga saa mbili tatu tu, si usiku mzima. Anapewa kwanza salbutamol ili njia za hewa zifunguke. Kisha anavutishwa kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, maji ya chumvi ya asilimia 5, dakika 15. Mtaalamu wa viungo anampigapiga kifua kwa kiganja kilichokunjwa. Na pale makohozi yanapofika kooni, kabla mtoto hajameza, wanayavuta kwa mpira mwembamba kupitia puani. Basi. Hakuna kutema. Mtoto haombwi kitu asichokiweza.

Matokeo makubwa yalitoka 2005 kwenye jarida la Lancet. Watoto 250, wa mwezi 1 hadi miaka 5, kila mmoja alifanyiwa njia zote mbili, ya tumbo na ya mvuke. Waliopatikana na vimelea kwa njia yoyote walikuwa 62. Mvuke uliwakamata 54, tumbo likawakamata 40. Na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini: sampuli moja ya mvuke ilitoa sawasawa na asubuhi tatu za tumbo. Mwenye VVU na asiye na VVU, njia ilifanya kazi kwa wote.

Asubuhi tatu za kufunga, mpira hadi tumboni, siku tatu za kitanda. Vyote hivyo sawa na robo saa ya mvuke.

Kibuyu cha Lami

Mkuu heshima yako, ila nina swali la kiswahili. Kwa nini tuhangaike hivyo? Mtoto anakohoa, amekonda, ana VVU, mpe dawa za TB akipona amepona. Mbona zamani walikuwa wanatoa hivyo hivyo.

Mzee wa Slaidi

Walikuwa wanatoa, na bado tunatoa, na mara nyingi ni sahihi kutoa. Lakini angalia pande mbili.

Lusaka pale University Teaching Hospital, timu ya Profesa Chifumbe Chintu ilifanya kazi ambayo wengi hatungeiweza: waliomba ruhusa kwa wazazi wakapasua miili ya watoto waliofariki kwa magonjwa ya mapafu. Watoto 264, wenye VVU 180. Wakachapisha 2002. TB ilikutwa kwa mmoja kati ya watano hivi, na haikuwa kwa wenye VVU peke yao. Hao ni watoto waliokwisha kufa. Unaikuta TB mezani pa kupasulia.

Upande wa pili, dawa za TB ni miezi mingi, zinagombana na baadhi ya ARV, na ukimpa mtoto mwenye pneumocystis dawa za TB umempa dawa ya ugonjwa mwingine huku ule wake unamaliza kazi. Halafu kuna usugu. Kama mama yake ana TB sugu na wewe umeanza kukisia kwa dawa za kawaida bila kimelea mkononi, utajua lini kwamba haisikii?

Mama Pacha

Naomba niseme la kwangu. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Alizaliwa na VVU, akaanza dawa mapema, nashukuru Mungu. Akiwa na mwaka na nusu kikohozi kikaanza. Hospitali moja, sitaitaja, walimtibu nyumonia. Akapata nafuu siku nne, kikarudi. Wakamtibu tena. Mara ya tatu wakaniambia simlishi. Mimi! Nikaambiwa nihudhurie darasa la lishe, nikaenda nikakaa na uji wangu wa lishe nikisikiliza.

Aliyetuokoa si daktari. Ni mzee, baba yangu mzazi, tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja. Alianza kutema damu, wakampima, TB. Yule dada wa kitengo cha kifua kikuu ndiye aliyeniuliza, "Nyumbani kuna watoto?" Swali moja tu. Mtoto alianza dawa wiki ile ile. Sasa yuko darasa la pili na anatupigia kelele.

Miezi ile yote hakuna aliyeniuliza nani anakohoa nyumbani.

Mzee wa Slaidi

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kumlea. Hilo la lishe nimelisikia zaidi ya mara moja na linanitia aibu kwa niaba ya watu wa afya.

Swali la yule dada wa kitengo lina uzito kuliko mashine nyingi. Mtoto mdogo kwa kawaida hamwambukizi mtu TB, yeye ndiye ameambukizwa, na mara nyingi ni na mtu anayelala naye chumba kimoja. Ukikuta TB kwa mtoto wa mwaka mmoja, jua kuna mtu mzima anakohoa karibu. Na kinyume chake ni kweli: ukikuta mtu mzima anatema, nenda kahesabu watoto nyumbani kwake. Kuna makadirio ya 2015 yaliyosema watoto kama 239,000 walikufa kwa TB mwaka ule duniani, na 96 kati ya kila 100 hawakuwa wameanza dawa kabisa. Dawa zipo. Hawakujulikana.

Na hapo ndipo linaingia jambo la pili la Zar, la tiba kinga, yaani dawa ya kuzuia TB kabla haijawa ugonjwa. Nalo lina ugomvi wake, nipeni nafasi.

Wakili wa Mtaa

Hilo nalisubiri. Nimesoma juujuu kwamba kwenye utafiti wake wa vidonge watoto wengine walipewa vidonge vitupu. Watoto wenye UKIMWI. Waafrika. Tuelezane vizuri.

Mzee wa Slaidi

Nitaeleza bila kupaka sukari.

Mwaka 2003 pale Cape Town, hospitali za Red Cross na Tygerberg, walianza kuandikisha watoto wenye VVU kuanzia wiki 8 za umri. Nusu kwa kura wapewe isoniazidi, dawa ya TB, kila mara, nusu wapewe kidonge kinachofanana kisicho na dawa. Wote, bila kubagua, walipewa septrini, antibiotiki ya kuwakinga na maambukizi mengine. ARV kwa watoto wa hospitali za serikali zilikuwa hazijafika. Kumbukeni ilikuwa Afrika Kusini ya Rais Mbeki, nchi ambayo hata nevirapini ya kuzuia mama asimwambukize mtoto ilibidi Mahakama ya Katiba iiamuru serikali itoe, Julai 2002. Watoto waliokuwa kwenye ARV mwanzoni mwa utafiti walikuwa wachache mno.

Wajumbe huru wa usalama wa utafiti, ambao si timu ya Zar, walikuwa wanatazama hesabu. Mei 2004 wakasema simamisheni vidonge vitupu. Kundi la isoniazidi walikufa watoto 11 kati ya 132. Kundi la vidonge vitupu walikufa 21 kati ya 131. TB yenyewe, 5 dhidi ya 13. Ilichapishwa kwenye jarida la BMJ 2007.

Wakili wa Mtaa

Kwa hiyo kumi wamekufa kwa ajili ya jarida.

Mzee wa Slaidi

Ndugu, nimeisoma ile karatasi mara nyingi na hesabu hiyo nimeifanya kama wewe. Lakini jiweke 2003. Ilijulikana kwamba kwa watu wazima wenye VVU isoniazidi inapunguza TB. Kwa watoto wenye VVU hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kulikuwa na hofu ya ini, hofu ya kutengeneza usugu kwa kumpa dawa moja mtoto ambaye tayari ana TB iliyojificha, na mtoto wa VVU ndiye usiyeweza kuthibitisha kwamba hana. Nje ya utafiti ule, watoto wa kliniki zote za nchi ile walikuwa hawapati isoniazidi, na hakuna kamati iliyokuwa inawahesabu.

Sikuambii ulale vizuri. Mimi mwenyewe pale penye 21 huwa nasimama.

Wakili wa Mtaa

Nimekusikia. Sijaridhika, ila nimekusikia. Ningependa kujua wazazi waliposaini walielezwa kwa lugha gani. Kixhosa au karatasi ya Kiingereza.

Kibuyu cha Lami

Wakili leo umekuja na joho kabisa.

Daktari wa Pembeni

Mzee wa Slaidi, simulizi nzuri lakini umewaachia watu nusu. Mimi ni daktari, na mtu akisoma hapa ataondoka akidhani kila kichanga mwenye VVU apewe isoniazidi. Jaribio la Shabir Madhi na wenzake, jarida la NEJM 2011, Afrika Kusini na Botswana, zaidi ya vichanga 1,300, wenye VVU na waliozaliwa na mama mwenye VVU lakini wao hawana. Isoniazidi dhidi ya kidonge kitupu. Hakuna tofauti. Si vifo, si TB. Mbona hukuitaja?

Mzee wa Slaidi

Daktari karibu sana, nilikuwa naifikia, nilikwenda kumfungulia mgeni mlango.

Hazipingani, na tofauti yake ndiyo somo. Vichanga wa Madhi waliingizwa wakiwa na miezi 3 hadi 4, wazima, hawajakaa na mtu mwenye TB anayejulikana, wamechunguzwa mmoja mmoja. Wenye VVU karibu wote waliwekwa kwenye ARV. Na walifuatiliwa kwa karibu kiasi kwamba mama akisikia mgusano wowote na mgonjwa wa TB, mtoto alishughulikiwa. Watoto wa Zar walikuwa wakubwa zaidi, nusu yao wamepita miaka miwili, wagonjwa, wengi bila ARV, wanaoishi katikati ya mitaa yenye TB kali kupita karibu kote duniani. Hao walikuwa wameshapuliziwa. Ukimpa dawa ya kuzuia mtu ambaye adui yuko tayari ndani, unaona kazi yake. Ukimpa ambaye adui hajafika na ana ulinzi mwingine, huoni.

WHO mwaka ule ule wa 2011 wakaandika mwongozo unaobeba majaribio yote mawili. Mtoto mwenye VVU aliyevuka miezi 12, hana dalili za TB, apewe isoniazidi miezi 6 hata kama hajulikani kukaa na mgonjwa. Aliye chini ya miezi 12 apewe tu kama amekaa na mgonjwa wa TB. Wengi tunakariri ule mstari wa miezi 12 bila kujua umetoka wapi. Umetoka kwenye hizo karatasi mbili.

Daktari wa Pembeni

Hapo sawa. Na niongeze kwa wasomaji: kilichookoa watoto wenye VVU kuliko isoniazidi ni ARV za mapema. Jaribio la CHER, Soweto na Cape Town, 2008: mtoto akianza dawa kabla ya wiki 12 za umri bila kungoja kinga ishuke, vifo vilipungua kwa asilimia 76. Tiba kinga ya TB inakaa juu ya msingi huo, haiwi badala yake.

Mzee wa Slaidi

Naunga mkono neno kwa neno.

Panya Buku

Wazee mnazungumzia Cape Town mnasahau Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kuna panya wa shirika la APOPO wananusa makohozi ya TB. Nimekwenda kuwaona kwa macho. Panya anapita juu ya vitundu, akisimama akakwaruza kwa sekunde chache ujue ameona. Anapewa ndizi. Walichapisha na ya watoto 2018, sampuli ambazo darubini imesema hakuna, panya wakasema kuna, na zikathibitishwa.

Mzee wa Slaidi

Na jina lako limejieleza. Nawaheshimu sana wale panya, mmoja anapitia sampuli 100 ndani ya dakika 20, mimi kazi hiyo ni siku kadhaa na shingo inauma. Ila tazama jambo moja: panya naye anahitaji kitundu kiwe na kitu. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB, nayo hivyo hivyo. Hii ndiyo hoja yangu ya uzi mzima, niiseme wazi.

Mashine ilipokuja kila mtu alifurahi, nami nilifurahi. Timu ya Red Cross wenyewe, Mark Nicol na Zar, walikuwa wa kwanza kuipima vizuri kwa watoto, 2011, watoto 452. Kwa sampuli mbili za makohozi ya mvuke GeneXpert iliona robo tatu ya watoto ambao vimelea vyao viliota vilipooteshwa maabara, darubini iliona theluthi moja na ushee. Jibu lilitoka kwa wastani wa siku 1, kuotesha kulichukua siku 12. Lakini tazama walichokiweka ndani ya mashine: makohozi waliyoyapata kwa ile kazi ya mikono, ya chumvi na kupigapiga kifua. Nimeona hospitali zenye mashine inayong'aa, na sampuli ya mtoto iliyoletwa ni ute wa mdomoni uliofutwa kwa pamba. Mashine inasema hakuna. Mashine haijakosea.

Ndiyo maana tangu 2020 WHO wanakubali hata kinyesi cha mtoto kiingie GeneXpert. Ni akili ile ile ya kumfuata mtoto alipo: amemeza, basi yatatokea upande wa pili. Kinakamata wachache kuliko makohozi ya mvuke, lakini mama anaweza kukileta bila mtoto kulia.

Chumvi ya Mawe

Karanga zimeisha ghafla.

Mama Pacha

Nyie wanaume mnaona kinyaa wakati sisi tunabadilisha nepi kila siku.

Kibuyu cha Lami

Huyu Zar bado yupo? Maana wanasayansi wa kwetu tunawajua wakishafariki.

Mzee wa Slaidi

Yupo, profesa, ameongoza idara ya watoto ya University of Cape Town. 2018 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi, upande wa Afrika na nchi za Kiarabu. Pale Paarl, nje ya Cape Town, wana utafiti wa Drakenstein: wameandikisha akina mama zaidi ya 1,100 wakiwa wajawazito na wanawafuata watoto wao tangu kuzaliwa, kuona mapafu yanaharibikia wapi. Yaani ameacha kungoja mtoto aletwe akiwa mgonjwa.

Ila kazi yake ninayoipenda kuliko zote haina TB ndani yake. Watoto wenye pumu wanahitaji kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na pampu ili dawa isiishie mdomoni. Dukani ni ghali. 1999 alionyesha kwamba chupa ya soda ya nusu lita, ukiitoboa kitako kwa waya uliotiwa moto ukaiumba ili pampu ikae barabara na kuziba ukingo kwa gundi, inafanya kazi sawa na chombo cha kununua. Alipima na kikombe cha povu jepesi (polystyrene) pia, kile kikashindwa. Fikiria daktari bingwa amekaa anapima vikombe na chupa za soda kwa heshima ile ile anayopimia dawa.

Nesi wa Zamu

Shikamoo Mzee wa Slaidi. Nimesoma tangu juu, niko zamu ya usiku wodi ya watoto, hospitali ya wilaya, sisemi wapi. Nina mtoto hapa, miaka miwili, yuko CTC (kliniki ya wenye VVU), wiki tatu za kikohozi, darubini hakuna kitu, kinyesi tulituma kikarudi hakuna. Bibi yake alitibiwa TB mwaka jana. Daktari anataka kuanza dawa asubuhi na mimi naona ni sahihi. Lakini bibi alimaliza dawa mara ya pili, ya kwanza aliacha. Nina wasiwasi na usugu. Nebulaiza tunayo. Salbutamol ipo. Mashine ya kuvuta ni ya kukanyaga kwa mguu ila inavuta. Hii ya mvuke naweza kuifanya?

Mzee wa Slaidi

Marahaba mwanangu. Kwanza daktari wako yuko sahihi, asingoje, mtoto mwenye VVU aliyekaa na mgonjwa hangojewi karatasi yangu. Lakini chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza, na umwambie daktari habari ya bibi kuacha dawa, aiandike kwenye fomu, ili maabara waangalie usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. GeneXpert inautoa humo humo.

Je, mtoto anapumua vizuri? Oksijeni yake ikoje? Kama anabanwa au anahitaji oksijeni usifanye, na daktari awepo wakati unafanya.

Nesi wa Zamu

Oksijeni 96 bila mashine. Anacheza. Daktari anafika saa moja na nusu. Maji ya chumvi ya asilimia 5 sina, nina ya asilimia 3 ya famasi.

Daktari wa Pembeni

Asilimia 3 inatumika sehemu nyingi, sawa. Asile saa mbili tatu kabla, ili asitapike. Salbutamol kwanza. Mpira mwembamba kabisa mlio nao, na kwenye mashine weka kichupa cha kukusanyia, si kuvuta moja kwa moja kwenye chupa kubwa, utapoteza sampuli yote kwenye bomba.

Mzee wa Slaidi

Hilo la kichupa nililisahau, asante Daktari. Nami niongeze la kwangu: usiiache juani, iwekwe kwenye boksi lenye barafu, na andika kwenye lebo "makohozi ya mvuke" ili mwenzangu asidhani ni mate akaitupa. Nimewahi kuitupa moja mwenyewe.

Na chumba? Hii kazi inarusha vimelea hewani. Si wodini katikati ya watoto wengine.

Nesi wa Zamu

Kuna chumba cha kufungia vidonda. Dirisha moja tu linafunguka, jingine limepigiliwa misumari.

Mzee wa Slaidi

Hapana. Nje nyuma ya wodi kuna baraza?

Nesi wa Zamu

Lipo, tunaanikia mashuka. Umeme unafika kwa waya mrefu.

Mzee wa Slaidi

Basi hapo hapo barazani, asubuhi, mashuka yakishaondolewa. Mama au bibi ampakate, akae upande upepo unakotoka, na wewe pia. Vaa barakoa ile nzito, si ya karatasi ya bluu.

Nesi wa Zamu

Bibi ndiye amelala naye hapa. Anauliza kama itamuuma.

Mama Pacha

Mwambie atalia. Mwambie nimesema mimi, atalia robo saa halafu ataomba uji.